Mwita Majina wa Machimboni

Siku ya kwanza nilipoingia machimboni nilivaa viatu vya kanisani, kwa sababu baba aliniambia naenda kazini, na mimi nikaelewa kazi ni mahali pa kupendeza. Nyampara, yaani msimamizi wa vibarua, aliviangalia viatu, akaniangalia na mimi, akasema, "Binti, hapa hatuna kwaya." Wanawake waliokuwa wameketi juu ya marundo ya mawe walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni nilirudi nyumbani nimevishika viatu mkononi, soli moja imeachia, na vidole vya mkono wa kushoto vimevimba. Niliapa sirudi tena. Kesho yake nikarudi, maana msimu ule kahawa yetu kule Itaka ilikuwa imeliwa na ugonjwa, na nyumbani hakukuwa na jambo la kufanya zaidi ya kutazamana.

Vijana wanaopita leo kwenye barabara kuu pale Nanyala wanauona mlima uliokatwa ubavu mmoja, wanadhani ni mvua. Si mvua, ni sisi. Mlima ule ulikuwa na mawe ya aina mbili. Jiwe jeupe lilichomwa kwenye tanuru likawa chokaa, na jiwe jeusi lilipondwa likawa kokoto. Nyumba nyingi za Tunduma zimesimama juu ya kokoto tulizoponda kwa mikono. Madereva wa Nakonde walikuja kuchukua chokaa, wakitusalimia kwa Kibemba, "Mwapoleni, mukwai," na sisi tukiwaitikia hivyo hivyo, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Sisi wanawake tulikuwa wapondaji. Vifaa vyetu vilikuwa nyundo na pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi bovu. Unalizungushia jiwe ile pete ili vipande visiruke machoni, kisha unapiga. Hupigi popote tu. Jiwe lina mishipa, ukiifuata linafunguka lenyewe, ukiikosa utapiga mpaka jioni na litakucheka. Mama mmoja mzee alinifundisha kuisikia kwa sauti: jiwe zima hulia, jiwe lenye ufa huguna. Mpaka leo siwezi kuona jiwe njiani nisiligonge kidogo na fimbo. Wajukuu wananiona nimechanganyikiwa, na sina nguvu za kubishana nao.

Jambo moja la kazi ile nataka lijulikane. Mawe ya kaburi hayakuuzwa. Mfiwa akija na ng'ombe na mkokoteni, au na kichwa chake tu, tuliacha kazi tukamchagulia mawe mazuri yenye uso bapa, tukamsaidia kupakia, na hakuna aliyeuliza bei. Meneja alilalamika, akasema kampuni si ya msiba. Nyampara akamjibu, "Bosi, hata wewe utayahitaji." Hakulalamika tena.

Baba yangu alikuwa mtobozi. Jina lake lilikuwa Yeremia, na ninalitaja hapa kwa makusudi. Watobozi walipanda juu ya mwamba na mtaimbo. Mmoja anaushika na kuuzungusha, mwingine anaupiga nyundo, tundu linaingia polepole, wanamimina maji, wanachota tope kwa kijiko kirefu, wanaendelea. Matundu yakitimia, fundi baruti anakuja kuyashindilia baruti na kuweka utambi. Hapo ndipo watu wote wanashuka na kujificha kwenye vibanda vya mawe vilivyojengwa mbali, chini ya mlima.

Sasa kabla utambi haujawashwa, palikuwa na kazi ya mwita majina. Huyu alisimama juu ya jiwe kubwa lililo kati ya mwamba na vibanda, akaita kila jina la zamu ile kwa sauti yake yote, na kila mtu aliitika mwenyewe kutoka alipojificha: "Nipo!" Hakuna kumwitikia mwenzio, hata kama amekaa mapajani mwako. Asiyeitika hutafutwa, na fundi baruti haruhusiwi kutoa kiberiti mfukoni. Siku moja mgeni kutoka makao makuu alituuliza kwa nini tusitumie filimbi tu kama kwingine. Nyampara alimwambia, "Filimbi inamwambia mtu akimbie. Haikuambii kama amekimbia."

Niliolewa na kijana wa Ndalambo, mpakiaji wa malori, mpole, mwenye sauti ambayo ukiisikia kanisani unageuka kutazama. Nitamwita Baba Neema, kama nilivyomwita maisha yote. Tulipooana kampuni ilituhamishia kwao, Momba, kwenye shimo la moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara. Kule kazi ilikuwa ya sururu na koleo, vumbi jekundu mpaka kwenye uji, lakini kulikuwa na mwamba mdogo chini ya ile moramu uliohitaji baruti. Msimamizi wa kule, mtu mkali aliyependa nidhamu kuliko chakula, alimsikia mume wangu akiimba, akasema, "Sauti kama hii unaipakilia mchanga?" Akamfanya mwita majina. Alikuwa mzuri sana. Aliita taratibu, akasubiri kila jibu, na aliweza kujua kwa jibu tu kama mtu yuko kwenye kibanda au bado anatembea.

Sifa zake zikafika Nanyala. Mwita majina wa huku kifua kilipomzidi, Meneja aliagiza turudishwe, na mimi nilifurahi kurudi karibu na kwetu. Hatukufikiria jambo moja. Huku Nanyala, kwenye zamu ya mwamba, alikuwapo baba yangu.

Kwetu, mkwe hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hata jina lililofanana na lake hulikwepa. Na si jina tu. Mkwe hampazii sauti baba wa mke wake, hamkatizi mbele, hamkazii macho. Kusimama juu ya jiwe na kumpigia ukelele, mbele ya watu, kama unamwita mbuzi arudi zizini, hilo halikuwa na msamaha. Na mama mkwe ndiyo zaidi, huyo wanapishana njia kabisa. Baba Neema alilelewa hivyo, na mimi nilimpenda kwa sababu alilelewa hivyo.

Siku yake ya kwanza juu ya lile jiwe aliita watobozi wote, akafika kwa baba, akanyamaza. Ukimya ule niliusikia nikiwa kwenye kibanda cha wanawake. Fundi baruti alipaza sauti, "Vipi, kuna asiyeitika?" Mume wangu amesimama tu juu ya jiwe, jasho linamtoka. Nikaelewa. Nikatoa kichwa nje nikaita mimi, "Baba!" Na baba akajibu kutoka kwake, "Nipo!" Watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Nyampara alituita jioni. Alitaka jambo litengenezwe. Akamwambia baba, "Mzee, tukupe namba. Mkwe wako aite namba." Baba alikasirika. "Namba ni ya mfungwa. Mimi nina jina, nilibatizwa." Nyampara akasema basi mkwe afunguliwe mdomo, maana wazee wanayo njia: mkwe analeta jembe jipya na kuku, mnakula pamoja, kuanzia hapo anaweza kukutaja. Baba akasema vizuri, tutafanya baada ya mavuno. Yakaja mavuno, akasema msimu ujao. Ukweli ni kwamba alikuwa anafurahia. Aliwaambia watobozi wenzake, "Mnamwona mkwe wangu? Wa siku hizi wanawapiga wakwe zao mabega. Wangu hata jina langu linamshinda kinywani." Mimi nilipomkumbusha alinijibu, "Heshima si utumwa, mwanangu. Na wewe si upo?"

Basi ikawa hivyo. Mume wangu anaita, akifika kwa baba anaacha nafasi, mimi naijaza. Ilizoeleka mpaka ikawa mchezo, vibarua walikuwa wakiiga ile nafasi yake na ule ukelele wangu wakati wa chakula. Wote tulicheka, pamoja na baba.

Neema, mtoto wetu wa kwanza, alipokuwa bado ananyonya alishikwa na homa kali ya kifua, nikampeleka hospitali Vwawa, tukalazwa. Kabla sijaondoka nilimwuliza mume wangu nani atamwita baba. Akasema, "Nimeshamwambia Nyampara, ataita yeye." Nikaridhika, nikapanda gari na mtoto wangu mgongoni anakoroma kama paka. Nilichokiogopa wakati ule ni kifo cha mtoto. Cha mwingine yeyote hakikunipitia kichwani.

Yaliyotokea niliambiwa na watu wengi, na wote wanalingana. Mlipuko wa asubuhi Nyampara aliita jina la baba, baba akaitika. Kabla ya mlipuko wa pili, Meneja alimwita Nyampara ofisini kwa ajili ya lori lililoharibika. Nyampara akaenda akijua atawahi kurudi, ila maneno ya Meneja yalikuwa marefu. Fundi baruti akamaliza kushindilia, watu wakashuka. Mume wangu akapanda juu ya jiwe. Akaita, watu wakaitika. Akafika kwa baba, akaacha nafasi.

Hakuna aliyeijaza. Wengine walidhani Nyampara yupo. Wengine walisema hata hawakugundua, maana nafasi ile tulishaizoea. Baba Neema alitazama kibanda cha watobozi, akaliona koti la baba mlangoni, lile koti la kijeshi alilolivaa hata jua kali. Akaliona koti, kwake akawa amemwona baba. Akaendelea na jina lililofuata. Baba alikuwa amelivua koti kwa joto, akakumbuka mtaimbo wake mzuri ameuacha juu, akarudi kuuchukua kwa njia ya nyuma ya mwamba, ambako hakuna aliyemwona.

Sitaeleza mwamba ulivyomfanya. Walimshusha kwa turubai la lori.

Baba Neema alikuja Vwawa mchana ule ule, chokaa imemganda usoni. Hakuingia wodini. Nilimwona dirishani amesimama kwenye nyasi, nikatoka na mtoto begani. Nikamwuliza kuna nini. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Nikamwambia, "We, sema basi, unanitisha." Akasema, "Yule... yule wa kwenu. Yule mkubwa wa kwenu." Hata wakati ule, jamani. Hata wakati wa kuniambia kwamba baba yangu amekufa, mume wangu alizunguka jina la baba yangu kama mtu anayezunguka shimo. Nilimpiga kofi. Kisha tukalia wote wawili pale kwenye nyasi, na wauguzi wakatuacha.

Msiba ulikuwa Itaka. Meneja aliahidi lori zima la mawe ya kaburi, yaliyochaguliwa. Mama yangu alikataa. Alisema, "Mlima umeshachukua chake, usituletee chenji." Baba yangu amelala chini ya udongo mtupu, mtu aliyetoboa mawe yaliyofunika makaburi ya nusu ya Mbozi. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyesimama. Alisema bila kuzunguka. "Mtu aliyewekwa pale kuita majina aliwaita wote akamwacha mmoja. Huyo mmoja ni ndugu yangu. Mimi sijui neno lingine la jambo hili zaidi ya kuua. Binti yetu asirudi kwake. Abaki hapa na mtoto wake, na huyu aende kwao Ndalambo." Watu wakaguna kukubali. Mume wangu alikuwa ameketi nje chini ya upenu, kaupa uso ukuta, kwa sababu mama alikuwa ndani na yeye hawezi kukaa mahali watakapoonana. Kila kitu alikisikia.

Nilijua kinachoamuliwa ni maisha yangu, na sikujua ninataka nini. Nilipokuwa nikimtazama nilimwona muuaji wa baba, na nilipofumba macho nilimwona kijana wangu wa Ndalambo akisubiri kila jibu. Baba mdogo akaniuliza, "Wewe unasemaje?"

Aliyejibu ni mama, kutokea ndani, mlango ukiwa umerudishiwa. Hakuwa amewahi kumsemesha mkwe wake hata siku moja kabla ya hiyo.

"Mkwe."

"Mama," mume wangu akaitika, uso ukutani.

"Ulimwona pale kibandani?"

"Niliona koti, mama."

"Na kwa nini hukumwita?"

Alinyamaza. Kila aliyekuwapo alilijua jibu, na hakuna aliyetaka kulisikia likisemwa. Mama akasubiri, halafu akasema, "Basi shemeji, umemsikia. Mnamwuliza mtoto wa watu kwa nini hakusema, na sisi ndio tuliomfunga mdomo. Wa kuufungua alikuwa mume wangu, akasema baada ya mavuno. Mkitaka kumfukuza muuaji, anzeni na mimi, kwa sababu kila nilipomwona mkwe huyu akiinama nilijisifu kisimani."

Baba mdogo alikaa chini. Mimi nilimbeba Neema, nikatoka nje, nikaenda kukaa ukutani karibu na mume wangu. Hakugeuka. Nikamwekea mtoto mapajani.

Tulirudi Nanyala. Meneja alikuwa ameweka king'ora, na kuita majina kukakomeshwa. Likatoka tangazo kwamba sasa kazi ni ya kisasa. Nyampara aliacha kazi mwenyewe kabla ya wakati wake, akaenda kulima, na tulipokutana gulioni alinisalimia akitazama pembeni. Baba Neema walimpeleka tanuruni kuchoma chokaa. Sauti yake ilikwisha kule, kwa moshi na kwa kutotumika. Kanisani hakuimba tena, alikuwa akishika kitabu cha nyimbo na kukitazama. Mimi nilihamishiwa kwenye chekeche la mtambo wa kusaga kokoto, mtambo ulipokuja, maana mashine iliwafanya wapondaji kuwa watu wa kufagia. Baadaye jikoni kwa vibarua, na hapo ndipo kikohozi kiliponikuta na kunistaafisha. Sisi vibarua hatuagwi kwa hotuba. Nilirudisha sufuria stoo, nikaenda nyumbani.

Wazee wenzangu huniuliza kama nilimsamehe. Swali hilo linanichosha. Msamaha unahitaji kosa, na mimi kila nikilitafuta kosa lake ninakuta malezi mazuri. Kama angekuwa mlevi aliyelala kazini, ningemchukia miaka miwili mitatu nikamaliza. Tumeishi vizuri, tumezaa wengine, tumezeeka. Lakini kuna siku namwona amekaa, najua anachofikiri, na yeye anajua ninachofikiri.

Neema ameolewa. Mume wake anaendesha kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kwenye machimbo mapya kuelekea Tunduma. Kijana wa kisasa, simu mbili, kofia ngumu, viatu vya chuma. Lakini, ingawa siku hizi mkwe na mama mkwe hukaa chumba kimoja, akija kwetu anakaa karibu na mlango, anaongea na sakafu, na Baba Neema akipita anasimama. Mwezi uliopita walikuja kutusalimia, na baada ya kula mume wangu akamwambia, "Mwanangu, leo nataka uniite kwa jina langu."

Kijana akadhani ni utani. "Baba?"

"Hilo si jina. Taja jina langu, kwa sauti."

"Baba, nisamehe, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Jembe sitaki, kuku sitaki. Nakufungua mimi mwenyewe, leo hii, mbele ya mama yako. Taja."

Neema akasema kutoka jikoni, "Jamani baba, unamtesa mwenzako." Ndipo Baba Neema akawasimulia wote wawili. Hatukuwahi kumwambia Neema babu yake alikufaje, alijua machimboni tu, basi. Mume wangu alisimulia kwa sauti yake ile iliyobaki kama mlango mbovu, koti, nafasi, mtaimbo, turubai, yote. Neema alikaa chini na mwiko mkononi. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, hakuyafuta.

"Sasa niite," mume wangu akasema.

Kijana alijaribu. Niliona midomo inatingishika. Akasema, "Pole sana, baba," akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Zaidi ya hapo hakuweza. Baba Neema alimngoja, akamngoja, kisha akainuka akaenda chumbani bila kuaga.

Na mimi niliyemzika baba yangu kwa sababu ya adabu hii hii, Mungu anisamehe, nilimtazama kijana yule alivyoinama, nikaona moyoni kwamba binti yangu amepata mume mzuri.